Maneno ya Punda na Jina la Mama

Baba hakuwahi kumwita punda wetu punda mbele ya masikio yake. Akiwa sokoni Ikutha, kati ya wachuuzi wa mifugo, alisema punda, kwa sababu hilo ndilo neno la kupatania bei na kila mtu sokoni analielewa. Akiwa nyumbani akituagiza sisi watoto tumfungue au tumpe maganda ya mbaazi, alisema ing'oi, kama Mkamba mwingine yeyote. Lakini akishamkaribia mnyama mwenyewe na kumshika sikio, Kikamba kiliishia hapo. Kwa punda wake, Baba alizungumza Kiswahili.

Majirani walimcheka sana kwa hilo. Wao walipiga miluzi, wakafoka, wakatandika fimbo, na punda wao walifika nyumbani na maji kama wetu tu. Baba hakujali. Ujana wake aliumalizia Nairobi akiwa saisi, mtunza farasi wa watu wenye pesa. Aliwachana manyoya, akawatembeza asubuhi, akawakausha jasho kwa gunia wakitoka kukimbia. Masaisi walitoka kila pembe ya nchi, wakaelewana kwa Kiswahili, na farasi nao wakasemeshwa hicho hicho. Alirudi nyumbani na koti moja na tabia hiyo, akanunua punda, akamtunza kama farasi wa bwana mkubwa.

Kiswahili nilichokuja kufundisha baadaye shuleni nilikisikia kwanza hapo bomani. Nakiri nilikionea wivu. Sisi watoto tulipewa Kikamba cha amri: leta, ondoa, nyamaza. Punda alipewa sentensi nzima nzima.

Neno farasi lilikuwa la mlimani. Tulichota maji kwenye visima vya mchangani, kule mtoni, na kutoka huko hadi kwetu kuna mwinuko mbaya wa mawe. Punda alibeba mitungi minne, miwili kila upande, na akifika katikati ya mwinuko alisimama, akainamisha kichwa, akakataa kabisa. Hapo wengine ndipo wanapookota kijiti. Baba alimsogelea, akaweka mdomo karibu na sikio, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, farasi. Twende, farasi." Sijui kama punda alielewa amepandishwa cheo. Ninachojua ni kwamba alinyanyua mguu, kisha mwingine, na mitungi ikafika juu bila kumwagika.

Telki lilikuwa neno la barabara tambarare. Alilipata kwa rafiki yake mwenye duka pale sokoni, mzee Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya nguo. Huyo alimwambia kwamba kwao ule mwendo wa punda wa harakaharaka, usiomtikisa aliyempanda, unaitwa telki. Baba alilipenda neno hilo mpaka likawa kero. Tukitoka tu kwenye mawe na kuikanyaga njia laini, alisema "telki, telki," na punda akachangamka. Kulikuwa pia na shoti. Hilo lilisubiri siku punda alipochomoka na kukimbia mbio zote, mitungi ikigongana, sisi tukimfukuza. Mtu mwingine angelaani. Baba alisimama njiani, mikono kiunoni, akasema, "Tazama anavyopiga shoti," na uso wake ulijaa raha.

Na kulikuwa na mwenzangu. Hilo lilikuwa la mwisho wa safari. Tukifika uani, Baba alifungua kamba, akashusha mitungi, akamsugua punda mgongo kwa gunia kavu pale kamba zilipokuwa zimemkata. Alisugua polepole, kwa muda mrefu. "Pole, mwenzangu. Umefika, mwenzangu."

Mama alikuwa akitembea nyuma ya punda huyo. Alibeba mtungi wake mgongoni, mkanda umepita kipajini, kama wanawake wote wa kwetu walivyobeba. Alipofika uani alipiga goti karibu na jiko, akautua mzigo mwenyewe, akafungua mkanda, akaanza kuwasha moto. Hakuna aliyemwambia pole. Nilikuwa mtoto, sikuona kasoro yoyote hapo. Nimekuja kuiona nikiwa mtu mzima, na nilipoiona ilinikaa rohoni vibaya.

Baba hakumwita Mama kwa jina. Akimtaka alikohoa, au alisema "wewe," au akamwita mama wa kaka yangu, kwa kuwa kaka ndiye kifungua mimba. Hilo si ajabu kwetu, wanaume wengi wa rika lake ni hivyo. Lakini Mama alikuwa na jina. Alipewa na bibi yake aliyemlea, na si lile la ubatizo lililo kwenye daftari la kanisa. Waliolijua walikuwa dada zake na wasichana aliochunga nao mbuzi. Wote hao wamekwisha kufa. Kwa wajukuu yeye ni susu, yaani bibi. Kanisani ni mama wa fulani. Kati ya walio hai, aliyebaki akilijua jina hilo kama jina la kumwitia msichana alikuwa Baba peke yake, na Baba halikumtoka mdomoni.

Miaka michache iliyopita, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, Baba alianguka bomani akifunga kamba ya punda. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi, mdomo ukapinda. Kaka, ambaye ana duka la mbolea na mbegu Kibwezi, alimkimbiza hospitali. Mimi nilikuwa Kyuso, upande wa pili kabisa wa Kitui, nikifundisha darasa lililokuwa likijiandaa kwa mtihani. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kumrudisha, wamemlaza kwenye chumba cha mbele ambapo upepo unapita.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Alinitazama kwa muda, macho yamejaa maji, mdomo ukahangaika. Kisha akasema, wazi kabisa, "Farasi."

Nilicheka. Sikujua la kufanya, nikacheka, halafu nikatoka nje nikalia mpaka pua ikaziba.

Daktari alikuwa amemweleza kaka kwamba maneno ya mtu hayapotei yote kwa pamoja, kwamba mengine hubaki na hakuna ajuaye yatakuwa yapi. Ya Baba yalibaki yale ya punda. Kikamba chote kilifutika. Sala alizoongoza kanisani miaka na mikaka, nyimbo, majina ya wanawe, jina la kijiji, vyote vilikwenda. Ukimsemesha kwa Kikamba ulimwona anaelewa, anatikisa kichwa, lakini kilichotoka mdomoni ni kile Kiswahili cha njiani.

Na akakigawa. Tuliona haraka kwamba hakuropoka. Kila mtu alipewa neno lake na halikubadilika. Mimi nilikuwa farasi asubuhi na jioni. Rafiki yake mwenye duka alipokuja, na fimbo yake na kanzu imefuliwa vizuri, alisimama mlangoni akasema, "Assalaam aleikum, ndugu yangu." Baba alimtazama, uso uliopinda ukajaribu kunyooka, akasema, "Telki."

"Telki, naam," mzee akajibu. Aliketi, akaushika ule mkono uliokufa, akawa anarudia telki, telki, mpaka sauti ikamkatika. Hakukaa sana siku hiyo. Alirudi kesho yake na kila siku baada ya hapo, na mazungumzo yao yote yalikuwa neno hilo moja. Waliridhika nalo.

Mchungaji alipata shoti. Alikuwa kijana, ndio kwanza ahamishiwe kwetu, na aliomba kwa nguvu na kwa kasi. Wamama wa kanisa waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Hata mimi nilijikaza kisabuni.

Kaka alipata punda. Alikuja Jumamosi na dawa na nepi za wagonjwa, akaingia akiwa na haraka zake, akainama. Baba akasema, "Punda." Kaka alisema, "Ndiyo, Baba, mimi ndiye," akapanga dawa mezani moja moja. Halafu akaenda nyuma ya ghala, akakaa huko. Neno la sokoni. Neno la kuuzia. Miaka kadhaa kaka alikuwa akimsumbua Baba amuuze yule mnyama, anunue bodaboda ya kubeba maji, na nadhani kwa Baba yeye na soko vilikuwa kitu kimoja. Nilimhurumia kaka. Ndiye aliyelipa hospitali yote.

Mama hakupewa neno. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu, na Baba alimfuata kwa macho kila alikokwenda, kimya. Mgeni akiingia Baba alisema neno lake. Mama akiingia hakusema kitu. Niliona Mama anavyosubiri. Alikuwa akiingia chumbani, anasimama kidogo miguuni pa kitanda, anampa nafasi. Halafu anaendelea na kazi. Hakuniambia lolote, na mimi sikuuliza, maana kumuuliza kungekuwa kumvua nguo.

Wiki ya pili, mchana, tukiwa watatu chumbani, Mama alimnyanyua ili ambadilishie shuka. Ni mzito mtu aliyepooza. Alipomlaza tena alikuwa anahema, na Baba akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akamgusa mgongoni. Akasema, "Mwenzangu."

Nilifurahi. Niliona hatimaye mzee amefunguka, tena kwa neno zuri kuliko yetu yote. Nilimtazama Mama nikitarajia machozi.

Mama alikuwa amesimama wima, shuka chafu mkononi. Alisema kwa Kikamba, bila kupandisha sauti, "Hapana. Hilo ni la punda."

"Mama, amekuita mwenzangu."

"Nimesikia. Nimelisikia tangu niolewe. Lilikuwa likipita mbele yangu kila jioni likienda kwake." Alikunja shuka. "Sitaliitika."

Na hakuitika. Baba alisema mwenzangu akitaka maji, Mama akampa maji, lakini hakuitika. Alisema mwenzangu akiumwa, Mama akamgeuza upande wa pili, akamkanda, kimya. Hakumpunguzia huduma hata kidogo. Ni kuitika tu ndiko alikokataa, na kwetu mtu akikuita usipoitika, hata mtoto anajua umemfanyia nini.

Niligombana naye. Mimi mdomo wangu hauna breki, wanafunzi wangu wanaujua. Nilimwambia jikoni kwamba yule ni mgonjwa, hana maneno mengine, amempa lililo bora kati ya yaliyobaki, sasa anataka nini zaidi. Kaka alipokuja naye akaongeza yake: watu wameanza kusema, mchungaji ameuliza, Mama awe na huruma.

Mama alikuwa akichagua ndengu kwenye ungo. Alituacha tukamaliza.

"Nyinyi kila mmoja amepata lake," alisema. "Wewe farasi, huyu punda, yule wa duka na lake. Mmelia, mmecheka, ni haki yenu. Mimi nina jina. Alilijua alipokuja kwa bibi yangu akiwa na lile koti lake la Nairobi. Alilisema mbele ya watu wote, ndiyo maana nikakubali kuja hapa." Alitupa changarawe pembeni. "Hakuna mwingine wa kuniita nalo. Akienda nalo, mimi nitakuwa nani?"

Kaka alitazama chini. Hasira yangu yote ilimhama Mama ikaenda kwa yule aliyelala chumba cha mbele, ambaye alikuwa na neno la mlimani na neno la tambarare na neno la kushushia mzigo, yote ya mnyama, wakati mtu aliyezaa naye anaitwa kwa kikohozi. Nilimchukia Baba siku hiyo. Kesho yake nikamlisha uji, akaniita farasi, nikaitika.

Basi Mama akaanza kumfundisha. Kila asubuhi, baada ya kumwogesha, aliketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake, akajionyesha kifuani kwa kidole, akasema jina lake. Alilisema taratibu, kipande kwa kipande. Mimi nilisikia nikiwa jikoni, na ndivyo nilivyolijua vizuri, kwa maana nilikuwa nimelisikia zamani mara chache tu kwa mama wakubwa. Baba alikaza uso. Mishipa ya shingo ilisimama. Kilichotoka kilikuwa mwenzangu, na kila kilipotoka alifumba macho, kwa kuwa alijua amekosea.

"Hapana," Mama alisema. "Tena."

Kuna siku sikuweza kuvumilia, nikaenda kukaa kwa yule mzee wa duka. Nilimwambia Mama anamtesa mtu. Mzee alinimiminia chai, akafikiri.

"Mimi nakwenda kwake kila siku kusikia neno moja," alisema. "Mama yako anadai moja vilevile. Usimkataze, binti yangu."

Nikamaliza chai, nikarudi nyumbani.

Baba alizidi kudhoofika. Homa ya mapafu ilimwingia, kaka akaleta dawa nyingine, kifua kikawa kinakoroma. Maneno yalianza kupungua hata hayo ya punda. Shoti lilikuwa la kwanza kupotea. Mchungaji alikuja akaomba, akatazamwa tu. Halafu telki likapotea. Mzee wa duka alikaa naye siku hiyo akasema telki peke yake, akaaga. Mimi nilikuwa farasi bado, kwa sauti ya kunong'ona. Mama hakuacha kigoda chake. Alikuwa hasemi tena "hapana" wala "tena." Alijionyesha kifuani, akasema jina lake, akasubiri, akalisema tena.

Alasiri ya siku hiyo ninayoikumbuka nilikuwa uani, mbali kidogo na nyumba, napepeta ndengu. Upepo ulikuwa mzuri na makapi yalikuwa yakiruka mpaka kwenye ua wa miiba. Kelele ya ungo ilikuwa masikioni mwangu, na ndengu zikidondoka kwenye turubai. Sikusikia chochote kutoka ndani.

Mama alitokea mlangoni. Leso yake ilikuwa imemwanguka begani na hakuiokota. Alikuja haraka, mwanamke ambaye magoti yanamsumbua, akasimama karibu nami.

"Umesikia?" aliniuliza.

Niliweka ungo chini. Nilimtazama. Sikuwa nimesikia kitu. Hata leo sijui Baba alisema nini, wala kama alisema. Alikata roho siku iliyofuata kabla ya jua kuchwa, na hakusema tena neno lolote ambalo mimi nilisikia, hata farasi.

"Nimesikia," nilimwambia.

"Amesema nini?"

Kwetu mtoto halitaji jina la mama yake. Unaweza kulijua, unaweza kulisikia likisemwa na wenye haki nalo, lakini halipiti kinywani mwako. Sikuwahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Lakini nilijua nikisema uongo kwa jina lingine, au nikinyamaza, yule mama mbele yangu hatauliza tena.

Nikalitaja. Nilianza kwa sauti ndogo, ikanibidi nilirudie, na mara ya pili nikalisema kama linavyosemwa, lote, kwa nguvu ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba.

Mama akaitika.